Umezitupa Wapi?

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita katika mkutano wa wakazi wa mtaa wetu, hapa Tabata, Dar es Salaam. Wengi walikuwa kazini au misibani, wakaniomba niiweke kwa maandishi. Nimeiacha kama nilivyoisema.

Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, wajumbe, wazee wetu, akina mama na akina baba, vijana, nanyi wanangu mliokaa hapo mbele kwenye mkeka: Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Nawashukuru kwa kuja, kwa sababu najua Jumamosi ndiyo siku ya kufua, ya kusuka nywele na ya kuhudhuria shughuli za watu, na kila aliyekaa hapa ameacha jambo nyumbani kwake.

Mezani mnaona kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko. Naomba msiliulizie kwa sasa. Nitalifungua kabla hatujaachana.

Nimeombwa nizungumzie namna tunavyoweza kuishi bila kuyaharibu mazingira, tukianzia majumbani mwetu. Mada hii tumeisikia mara nyingi. Tumeambiwa tupande miti, tusitupe taka ovyo, tufanye usafi kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na baada ya kuambiwa tumepiga makofi, tumekunywa soda, tumerudi nyumbani na kuendelea kama tulivyokuwa. Kwa hiyo leo nimekuja na swali moja tu, na nitaliuliza mara nyingi hadi mlichoke. Ukisema umetupa taka, umezitupa wapi?

Watoto waliozaliwa hapa baada ya mwaka 1990 hawajui kwamba kulikuwa na wakati ambapo huwezi kulitaja jina la Tabata bila kulitaja dampo. Jiji zima lilileta taka zake hapa. Ziliungua mchana na usiku, moshi ukaingia vyumbani, nzi wakatua kwenye chakula kabla mlaji hajanawa mikono. Wakazi walilalamika ofisi hii na ile, kisha wakafanya jambo ambalo siku zile halikuwa la kawaida kabisa: wakaishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu. Mwaka 1988 wakashinda. Jiji likaamriwa liache kumwaga taka Tabata na litafute mahali ambapo hazitahatarisha afya za watu. Wazee mliopo hapa mnakumbuka ilivyochukua miaka, kwa maana amri ya mahakama ni jambo moja na lori la taka kubadili njia ni jambo jingine.

Tulifurahi, na tulistahili kufurahi. Lakini ndugu zangu, taka zile zilikwenda wapi? Zilikwenda Kunduchi Mtongani. Wakazi wa Kunduchi nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, nao wakashinda. Zikaenda wapi? Vingunguti. Baada ya Vingunguti, zikaenda wapi? Mtoni. Na baada ya Mtoni zikapelekwa Pugu Kinyamwezi, huko ukishaupita uwanja wa ndege. Kila mara tulisema zimetupwa, na kila mara kulikuwa na mtu upande wa pili aliyefungua dirisha asubuhi akazikuta zimelala mbele ya nyumba yake.

Siwalaumu hata kidogo waliokwenda mahakamani. Walidai haki ya kuvuta hewa safi, na waliwafungulia njia Watanzania wengine wengi wanaotetea mazingira yao. Ninachosema ni kwamba jaji anaweza kulihamisha dampo, lakini hawezi kuipunguza ndoo inayotoka jikoni kwangu kila asubuhi. Ndoo hiyo ni yangu mimi.

Tena hizo ni zile zilizobahatika kufika dampo. Zilizobaki zinaishia kwenye mitaro yetu, mvua ikinyesha zinasukumwa hadi Mto Msimbazi, mto unazibeba hadi bonde la Jangwani, na pale penye daraja zinakwama. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili. Mvua ilikuwa kubwa mno, hilo sikatai, lakini sote tuliona kilichokuwa kimeziba mitaro.

Sasa naomba niwapeleke jikoni kwangu.

Mimi nimefundisha sayansi kwa miaka mingi, na mwalimu hata akistaafu hawezi kuacha majaribio. Mwaka juzi niliweka ndoo tatu nyuma ya mlango wa jikoni. Ya kwanza ilikuwa ya vitu vinavyooza, ya pili ya vitu vikavu visivyooza, ya tatu ya vile nisivyojua pa kuvipeleka. Nikawaambia wajukuu na dada wa kazi kwamba kwa wiki moja hakuna kitu kitakachotupwa bila kupita kwenye ndoo mojawapo. Mnadhani ipi ilijaa kwanza? Mimi nilidhani ni ya chupa na mifuko, kwa kuwa ndivyo vitu tunavyoviona mitaroni. Nilikosea sana. Ndoo ya vitu vinavyooza ilijaa siku ya pili. Maganda ya ndizi mbichi na ya viazi, mashina ya mchicha, machicha ya nazi, maganda ya mayai, majani ya chai, vichwa vya vitunguu, ganda la tikiti ambalo peke yake lilichukua nusu ya ndoo. Wiki ilipokwisha nilikuwa nimeimwaga ndoo hiyo mara nne, ya pili ilikuwa imejaa mara moja tu, na ya tatu ilikuwa na pampasi za mjukuu na vifuko vidogo vya viungo na sabuni.

Nyumba yangu haina tofauti na nyumba zenu. Katika miji ya nchi kama yetu, zaidi ya nusu ya taka za nyumbani ni vitu vinavyooza. Yaani sehemu kubwa ya mzigo tunaolipia ada ya taka kila mwezi, mzigo unaochoma mafuta ya lori kutoka hapa hadi Pugu, ni maganda na majani ambayo ardhi ingeyapokea bure.

Tena yakifika huko hayaozi kama yanavyooza shambani. Yanafukiwa chini ya mlima wa taka nyingine mahali pasipo na hewa, na kitu kikioza bila hewa hutoa gesi ya methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha joto dunia zaidi ya mara 25 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule. Chini yake hutoka maji meusi yanayopenya ardhini hadi kwenye visima. Ganda la ndizi halina kosa lolote. Limekosewa kwa kupelekwa mahali pasipo pake.

Kwa hiyo jambo la kwanza, na kama mtasahau mengine yote leo naomba hili msilisahau, ni kutenga kinachooza na kisichooza palepale jikoni, kabla havijagusana. Siyo getini, siyo dampo, palepale mkononi mwa anayemenya viazi. Karatasi safi ikishamwagiwa mchuzi haina tena mnunuzi. Boksi likishalowa maji ya samaki limekwisha. Na maganda yaliyochanganyika na vipande vya nailoni hakuna mkulima atakayeyataka. Ukivichanganya umeviharibu vyote viwili kwa mkupuo mmoja, na hakuna mashine huko mbele itakayokuja kukusahihishia.

Mtaniuliza, mwalimu, nikishatenga nifanye nini? Mwenye kuku na awape kuku. Asiye na kuku atengeneze mboji, yaani mbolea ya vitu vilivyooza, na mboji haihitaji shamba. Chukua ndoo kuukuu ya rangi, ile ya lita 20, uitoboe matundu chini na pembeni kwa msumari uliotiwa moto. Weka chini majani makavu ya kutosha. Juu yake weka maganda ya siku hiyo, yakiwa yamekatwakatwa. Juu yake tena majani makavu, mara mbili ya kiasi cha maganda. Endelea hivyo, funika, na kila wiki geuza kwa kijiti.

Naomba niwaeleze na nilipokosea, kwa sababu wengi hujaribu mara moja, hukosea pale nilipokosea, kisha husema mboji ni uchafu. Ndoo yangu ya kwanza sikuweka majani makavu. Niliweka maganda juu ya maganda, na machicha ya nazi mengi, na siku moja hata mabaki ya samaki. Baada ya siku kumi ilinuka hadi kwa jirani, na nilipofunua nilikuta funza wamejaa. Jirani yangu, ambaye namheshimu sana, alikuja akaniambia kwa upole kwamba wanashindwa kula jioni. Niliona haya. Niliimwaga yote kwenye shimo, nikafukia, nikaanza upya. Tangu hapo ninapima kwa kiganja: ninachukua konzi moja, naikamua. Yakitoka matone mawili matatu, ni sawa. Yakichuruzika, imelowa mno na inakosa hewa, naongeza majani makavu au unga wa mbao kutoka kwa seremala. Ikiwa kavu hata haishikani, nainyunyizia maji. Nyama, samaki, mafuta na chakula kilichopikwa haviingii. Baada ya miezi mitatu hivi huwezi kujua kilichokuwa ganda la ndizi na kilichokuwa mchicha.

Na majani makavu tunayatoa wapi? Hapa nina neno na sisi tunaofagia uwanja alfajiri. Tunafagia vizuri, tunakusanya majani ya mwembe pamoja na vifuko, vipande vya chupa na pampasi, kisha tunawasha kiberiti. Tunasema tumesafisha. Umezitupa wapi? Umezitupa hewani, ambako mwanao anavuta pumzi. Plastiki ikichomwa kwa moto mdogo wa uani hutoa sumu, na baadhi ya sumu hizo, zinazoitwa dioksini, hutua juu ya mboga na kukaa mwilini kwa miaka mingi. Majani yale ndiyo hasa mboji inayoyahitaji. Tunachoma dawa kisha tunalalamika kwamba ugonjwa haujapona.

Jambo hili la kutenga si la majumbani peke yake. Kule Mabwepande, Kinondoni, kimejengwa kiwanda cha mboji kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, na kinatumia taka za masokoni. Soko linaweza. Sisi wenye ndoo moja moja tunashindwa nini?

Ndugu zangu, tuje kwenye ndoo ya pili.

Kuna mama anayepita mtaa wetu karibu kila siku ya tatu akiwa na kiroba begani. Watoto humwita mama makopo. Wengi wetu tunamwona anapopita, wachache tunamsalimu, na wapo wanaofunga geti wakimwona. Siku moja nilimkaribisha akae kivulini, nikampa maji, nikamwomba anifundishe kazi yake. Mimi mwenye vyeti ukutani nilijifunza kwake mambo ambayo sikuwahi kuyafundisha darasani.

Alichukua chupa moja ya maji kutoka kwenye pipa langu, akaitikisa karibu na sikio. Ilikuwa na kitu ndani. Akafungua, akanusa kwa mbali, akaiweka pembeni. Akaniambia chupa yenye mafuta au mkojo wa madereva humharibia kiroba kizima, kwa sababu mnunuzi akikuta uchafu hukata kilo. Akachukua nyingine, safi, akafungua kizibo, akaikanyaga kwa kisigino ikawa bapa, kizibo akakitia kwenye kifuko chake kidogo kilichofungwa kiunoni. Nikamuuliza kwa nini anatenga vizibo. Akasema tu kwamba mnunuzi anataka hivyo. Sababu yake ni hii: chupa na kizibo ni plastiki mbili tofauti. Vikisagwa na kutiwa ndani ya maji, chenga za chupa huzama na za kizibo huelea. Zikiyeyushwa pamoja, bidhaa inayotoka ni dhaifu.

Kisha akanionyesha kiganja chake cha kulia. Kuna kovu linaloanzia chini ya kidole gumba hadi karibu na kifundo cha mkono. Ni wembe. Wembe uliotupwa na mtu fulani katika mtaa fulani, ndani ya mfuko mweusi, pamoja na maganda. Alifungwa kitambaa akaendelea na kazi, kwa kuwa siku asiyookota ni siku asiyokula.

Sikuweza kumjibu neno. Mtu huyu ndiye anayefanya urejelezaji katika jiji hili, yaani kuvifanya vilivyotupwa vitumike tena. Kabla ya mikutano, kabla ya makongamano, ni yeye na wenzake wenye viroba na maguta. Nasi tunamlipa kwa kumwekea nyembe ndani ya mfuko.

Basi naomba tukubaliane leo. Wembe, sindano za kushonea na pini zilizovunjika viingie kwenye kopo la bati lenye mfuniko uliotobolewa kijitundu. Chupa iliyovunjika ifungwe kwenye gazeti na kuwekwa kwenye boksi lake, na boksi liandikwe. Wenye wagonjwa wa kisukari wanaojidunga nyumbani, sindano ziwekwe kwenye chupa ngumu yenye kizibo na zirudishwe zahanati. Hayo hayana gharama yoyote.

Na ndoo ya pili yenyewe iwe na nini? Chupa za maji na soda zilizosuuzwa kidogo kwa maji yaliyooshea vyombo, wala si lazima maji mapya. Vidumu na chupa za sabuni. Ndoo na beseni zilizopasuka. Mabati, misumari, makopo. Maboksi makavu na magazeti, ambayo ndiyo yanayorudi kwetu yakiwa trei za mayai. Na makopo ya alumini, ambayo tunayadharau kwa wepesi wake: kuyeyusha kopo kuukuu kunatumia nishati pungufu kwa takriban asilimia 95 kuliko kutengeneza alumini mpya kutoka kwenye mawe ya madini.

Tazameni chini ya chombo chochote cha plastiki, mtaona pembetatu ya mishale yenye namba. Namba 1 ni chupa za maji, namba 2 ni vidumu, namba 5 ni ndoo na beseni. Hizo ndizo zinazopata wanunuzi kwa urahisi hapa kwetu. Lakini msidanganyike na pembetatu. Inataja aina ya plastiki tu. Haiahidi kwamba yupo atakayeinunua. Vile vifuko vya viungo, vya sabuni na vya bisikuti vimeundwa kwa tabaka za plastiki na alumini zilizogandishwa pamoja, na hapa kwetu hakuna anayezitenganisha. Ukivitia kwenye ndoo ya pili ukitumaini kwamba huenda mtu atavitumia, hujamsaidia mtu. Umemwongezea mama makopo kazi ya kuvitoa. Hapo mzigo si wetu peke yetu. Anayetengeneza kifuko cha aina hiyo, akakiuza kila duka la mtaani na kuchukua faida, anapaswa kuulizwa swali lilelile ninalowauliza ninyi.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, mwalimu, mimi nilitenga, gari la taka likaja likachanganya vyote mbele ya macho yangu. Ni kweli, nami yamenikuta. Nilisimama getini na viroba vyangu viwili nikaangalia kijana akivirusha vyote ndani ya lori moja, nikaumia. Mwenyekiti, hili nalileta kwako rasmi: tunaomba mzabuni wa taka apangiwe siku moja ya vikavu na siku nyingine ya vingine. Lakini wakati tunasubiri, fikirini hivi. Ikiwa kinachooza kimebaki nyumbani kwenye mboji, na kikavu amekichukua mama makopo, lori linabakiwa na nini cha kuchanganya? Linabakiwa na ndoo ya tatu tu.

Nimezungumza kwa furaha juu ya kurejeleza. Sasa nizungumze kwa hofu, kwa sababu kuna vitu ambavyo kuvirejeleza vibaya ni kuua.

Mombasa kuna mtaa unaoitwa Owino Uhuru. Katikati ya nyumba za watu paliwekwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Kwa maneno, kilikuwa kiwanda cha kurejeleza. Bi Phyllis Omido aliajiriwa hapo mwaka 2009, akiwa na mtoto mchanga anayenyonya. Mtoto akaanza kuugua, homa haishuki, madaktari wanatibu hiki na kile. Vipimo vilipofanyika ilionekana ana madini ya risasi mwilini, na alikuwa akiyapata kupitia maziwa ya mama yake. Akina mama mliopo hapa, hebu lifikirieni hilo kwa dakika moja. Bi Omido aliacha kazi, akaanza kuwapigania majirani ambao watoto wao walikuwa na ugonjwa uleule. Alikamatwa, alitishwa, hakuacha. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, kesi ikaendelea kwenye rufaa. Lakini risasi ikishaingia kwenye ubongo wa mtoto hakuna hundi inayoitoa.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu siku hizi karibu kila nyumba ina betri ya sola, ya bodaboda, ya bajaji au ya gari. Ikifa, kuna vijana watakaokuja na kukwambia wamwage maji yake kwanza ili iwe nyepesi kubebeka. Yale si maji. Ni tindikali iliyochanganyika na risasi, na ukiimwaga uani umeimwaga mahali ambapo mtoto atachezea udongo. Betri iuzwe nzima, ikiwa imesimama, haijatobolewa, kwa muuza betri anayepokea kuukuu. Zile ndogo za tochi na za simu ziwekwe kwenye chupa kavu, mbali na jiko na mbali na watoto. Zisitupwe chooni. Nasikia wengi hutupa betri chooni kwa kudhani zimepotea. Umezitupa wapi? Kisima kiko wapi?

Nimebakiza jambo moja, na ni lile tulilolijua zamani kuliko yote.

Nilipokuwa mtoto, ukitumwa soda dukani bila chupa tupu hupati soda. Ilikuwa hivyo tu. Unabeba chupa, unapewa chupa. Mafuta ya taa na ya kula tulinunua kwa kipimo, na chupa yetu wenyewe. Sokoni mama alikwenda na kikapu cha ukili, na kikapu kile kilidumu hadi mpini wake ukashonwa mara ya tatu. Tairi lililokwisha liligeuka makatambuga. Kopo la maziwa liligeuka koroboi. Hatukuwa na neno urejelezaji, wala hatukuwa na pembetatu ya mishale, lakini chupa ileile ya soda ilikwenda kiwandani na kurudi mara nyingi, na mpaka leo kreti za soda za chupa bado zipo. Tumeziacha wenyewe kwa kuvutiwa na chupa ya kutupa.

Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki, ile ya rambo, ilipigwa marufuku nchini kwetu, baada ya ndugu zetu wa Zanzibar kutangulia mwaka 2006. Tulisema haiwezekani. Nyama itabebwaje? Sukari itafungwaje? Ikawezekana. Lakini ile mifuko mbadala tunayonunua dukani, mingi tunaidhani ni kitambaa. Ishike uichome ncha kidogo, utaona inayeyuka na kujikunja. Ni plastiki, namba 5 ileile ya ndoo. Ukiutumia mara moja na kuutupa, umeununua rambo mzito zaidi. Utumie hadi uchakae. Au rudi kwenye kikapu, na mama anayesuka ukili naye apate riziki.

Na akina mama wenzangu wa vikundi, nawaomba sana kuhusu misiba na shughuli. Tunaagiza katoni kwa katoni za maji ya chupa ndogo. Nimekaa kwenye msiba mwaka huu, watu wakaondoka, uwanja ukabaki mweupe kwa chupa, na nyingi zilikuwa zimenywewa nusu. Vikundi vyetu vina sahani na masufuria ya kukodisha. Tuongeze mapipa mawili yenye bomba na vikombe mia mbili vya kuoshwa. Fedha ya katoni za shughuli chache itavinunua, na vitakaa miaka.

Nimemaliza, sasa naja kwenye kopo.

Ndani ya kopo hili hakuna maziwa. Mwezi wa pili mwaka huu hiki kilikuwa ganda la tikiti, mashina ya mchicha, majani ya chai na majani ya mwembe ambao wengi wenu mnaufahamu, ule wa kwenye kona kwangu. Sikuongeza dawa wala mbolea ya dukani. Naomba vijana wawili mje mnisaidie. Fungueni mfuniko, mlipitishe mkono kwa mkono kuanzia kwenye mkeka, watoto waanze. Tieni vidole, msiogope. Nuseni. Mtaniambia kama hakinuki kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Mzee wangu hapo, ukishanusa mpitishie jirani yako. Atakayetaka ndoo iliyokwisha kutobolewa, ninazo sita hapa nyuma ya kiti, na msumari ninao.